Kuomba uzamili nje ya nchi bila kuazima maisha ya mtu mwingine

Kila mwaka kuanzia Agosti simu yangu hujaa rasimu. Dirisha la Chevening, ufadhili wa uzamili wa serikali ya Uingereza, huwa limefunguliwa au linakaribia kufunguliwa, vyuo vya Marekani vinajiandaa kupokea maombi ya uzamivu (PhD) ambayo mengi hufungwa Desemba, na vijana waliohitimu Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi na Kampala hunitumia insha zao nizipitie kabla hazijaenda. Nimekaa pia upande wa pili wa meza, kwenye jopo la kuchuja waombaji wa ufadhili. Kwa hiyo najua rasimu hizo zinasomekaje mbele ya mtu ambaye tangu asubuhi amekuwa akisoma nyingine za aina hiyohiyo.

Nyingi huanza namna moja: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya..." Kisha inakuja nukuu ya Mandela kuhusu elimu, kisha kijiji, kisha shida, kisha ahadi ya kurudi kuisaidia jamii. Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 2007 UCAS, taasisi inayopokea maombi ya kujiunga na vyuo vikuu vya Uingereza, ilipitisha maelezo binafsi yapatayo 50,000 kwenye programu ya kulinganisha maandishi. Waombaji 234 walikuwa wamesimulia kisa kilekile cha kuunguza pajama kwa majaribio ya kemia walipokuwa na umri wa miaka minane. Wengine 175 walimtaja babu mzee au mgonjwa. Hakuna anayeamini kwamba pajama zote hizo ziliungua kweli.

Siku hizi insha za mfano hupita kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram zikiwa na kichwa kinachosema "hii ilishinda". Kuna pia ChatGPT, ambayo ukiiambia ikuandikie maelezo binafsi itakupa aya nne laini zenye shauku, ustahimilivu na mabadiliko chanya, na jirani yako akiomba vivyo hivyo atapata ndugu ya aya hizo. UCAS imeshasema wazi kwamba kuwasilisha maandishi yaliyotungwa na akili mnemba kana kwamba ni yako kunaweza kuhesabiwa kuwa ni udanganyifu. Lakini hata pale ambapo hakuna anayekukamata, hasara inabaki palepale: msomaji anamaliza ukurasa bila kukujua.

Waombaji wengi wakiambiwa "kuwa mkweli" huelewa kwamba waeleze mateso. Wanaamini wazungu wanataka machozi. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo, na huniuma kuona binti mwenye akili nyingi akitumia nusu ya insha yake kueleza alivyotembea kilomita kadhaa kwenda shule, na mistari miwili tu kwa utafiti alioufanya mwaka wa mwisho. Shida iandikwe pale inapoeleza jambo lililo kwenye karatasi zako. Kama alama zako za mwaka wa pili zilishuka kwa sababu mkopo ulichelewa na ukalazimika kufanya kazi usiku, sema hivyo kwa sentensi mbili, kisha onyesha alama za mwaka wa tatu. Msomaji ataona mwenyewe. Huhitaji kumwelekeza ahuzunike.

Kinachomtambulisha mtu kwenye karatasi ni mambo mahususi ya kazi yake. Chukua mfano huu wa kubuni, wa mhandisi wa maji kutoka Arusha anayeomba uzamili wa usimamizi wa maji. Rasimu ya kwanza inasema: "Nina shauku kubwa ya kutatua changamoto za maji safi katika jamii yangu." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, hata ambaye hajawahi kuona kisima. Nikimkalisha chini nimuulize umefanya nini hasa, yanatoka mambo mengine kabisa. Visima vya maeneo ya chini ya Mlima Meru vina floridi nyingi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kisima chake kilipopimwa kilipita hapo mara kadhaa. Watoto wana meno ya kahawia. Wakaleta chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia kwa miaka mingi. Likafanya kazi vizuri, kisha watu wakaliacha. Kwa nini? Mkaa huchoka na lazima ubadilishwe, na kamati ya maji ya kijiji haikuwa imepanga nani atalipia. Tena baadhi ya kaya zilitaka kwanza kujua mifupa ile ni ya mnyama gani.

Sasa hapo tuna mwombaji. Ana swali: kwa nini teknolojia inayofanya kazi maabara inakufa kijijini, na kamati ya maji ingepaswa kuundwa vipi ili isife? Swali hilo linaeleza kwa nini anahitaji kozi ya usimamizi, si nyingine ya uhandisi. Linaeleza kwa nini chuo hiki, ikiwa kina mhadhiri anayetafiti huduma za maji vijijini. Linaeleza atarudi kufanya nini. Insha nzima inajipanga kuzunguka jambo moja alilolishika kwa mikono yake, na hakuna kundi la Telegram ambalo lingempa.

Ili kuyapata mambo hayo, ninawashauri watu waandike rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, au wamsimulie rafiki kwa sauti huku simu ikirekodi. Wengi hucheka wakisikia hivyo, kwa kuwa maombi yenyewe ni ya Kiingereza. Lakini kazi yako uliiishi kwa Kiswahili: kikao cha kijiji, ugomvi na fundi, mama aliyekuuliza swali ukakosa jibu. Ukianza na Kiingereza cha maombi, unaanza na maneno ya watu wengine. Anza na lugha ambayo tukio lilitokea, kisha ulihamishe wewe mwenyewe.

Kuna kikwazo kingine kinachotokana na malezi yetu mema. Tumefundishwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu anayejisifu hadharani tunamwona hana adabu. Matokeo yake kila kitu kwenye insha kimefanywa na kundi: tulipanga, tulifanikisha, tulipata. Jopo halina namna ya kujua wewe ulikuwa wapi. Wape wenzako haki yao, kisha taja kipande chako bila kukipamba: nani aliandika bajeti, nani alizungumza na mwenyekiti wa kijiji, nani aligundua kwamba takwimu za mwezi wa tatu zilikuwa na kasoro. Kusema ukweli kuhusu kazi uliyoifanya si majivuno. Chevening kwa miaka mingi imeuliza hasa kuhusu uongozi na ushawishi, kuhusu kujenga mahusiano ya kikazi, kuhusu kozi unazotaka na kuhusu mpango wako wa kazi, na maswali hayo hayajibiki kwa "tulifanya".

Sehemu inayoharibu maombi mengi mazuri ya Afrika Mashariki, kwa maoni yangu, ni barua za wadhamini, yaani watu wanaokupendekeza, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Tabia imeenea: unamfuata mhadhiri, naye kwa sababu ana wanafunzi mia kadhaa na vipindi hadi jioni, anakuambia, "Andika mwenyewe, niletee niweke saini." Unaona umerahisishiwa. Kumbe jopo litasoma insha na barua tatu zenye sauti moja, zikirudia misamiati ileile, na barua haitakuwa na jambo hata moja ambalo mwalimu tu angelijua. Mifumo ya vyuo vingi vya Marekani humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja kwenye barua pepe yake ya kazi, na humuuliza mwombaji kama anaachia haki yake ya kuisoma barua hiyo, haki inayotokana na FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi. Achia haki hiyo. Barua ambayo mwombaji hajaiona ndiyo inayoaminiwa.

Kinachosaidia ni kumpelekea mwalimu ukurasa mmoja wa mambo matupu badala ya barua. Somo gani alikufundisha na mwaka gani, ulipata alama gani, kichwa cha mradi wako, swali ulilouliza darasani ambalo mlilijadili, kasoro aliyokuonyesha kwenye rasimu na jinsi ulivyoirekebisha. Ambatanisha rasimu ya insha yako, orodha ya vyuo na tarehe za mwisho. Mpelekee wiki sita kabla, si siku tatu. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa mfupi: "Shikamoo Profesa. Ulinisimamia mradi wa mwaka wa mwisho kuhusu floridi. Naomba uzamili mwaka huu, na ningeshukuru sana kama ungeweza kuniandikia barua. Nimeambatanisha kumbukumbu za kazi tuliyofanya ili usihangaike kuzitafuta. Kama nafasi haitoshi nitaelewa, nitamfuata mwalimu mwingine." Sentensi ya mwisho ni muhimu, kwa kuwa inampa mlango wa kukataa kwa heshima. Mwalimu aliyekubali kwa kuona haya huandika barua baridi, au haandiki kabisa.

Na umchague anayekujua. Watu hukimbilia mbunge, mkuu wa chuo au mkurugenzi ambaye walipeana naye mkono mara moja. Mhadhiri msaidizi aliyekaa nawe maabara hadi usiku ana mengi zaidi ya kusema. Ukiweza kuzungumza naye, mweleze pia kwa upole kile wasomaji wa kule wanachokitafuta. Walimu wetu hupenda kuandika kwamba mwanafunzi ni mtiifu, ana nidhamu na anashirikiana vizuri na wenzake. Ni sifa njema, lakini kamati ya udahili ya uzamivu inataka kujua kama unaweza kufikiri ukiwa peke yako, na unasimama wapi ukilinganishwa na wanafunzi wengine aliowasimamia.

Kuhusu alama, usizibadilishe mwenyewe kwenda kwenye mfumo wa Marekani wa 4.0 isipokuwa fomu imekuagiza. Andika zilivyo na uzitolee maelezo mafupi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutumia GPA, yaani wastani wa alama, ya 5.0, na A huanzia 70. Vyuo vingi vya Kenya nako A ni 70 kwenda juu. Mmarekani aliyezoea kuona A ikianzia 90 anaweza kuitazama 68 yako akadhani ni alama ya mwanafunzi dhaifu, kumbe darasani mlikuwa wachache mno mliofika hapo. Mstari mmoja kwenye wasifu wako, na bora zaidi kwenye barua ya mdhamini, unatosha kuliweka hilo sawa.

Kila ombi liandikiwe lake. Chevening, ambayo serikali ya Uingereza imeitoa tangu 1983, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, hudai uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, yaani saa 2,800, na hukutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Kwa hiyo inataka kuona mtu mwenye mahali pa kurudi na kazi inayomsubiri. Uzamivu wa Marekani unataka mtafiti. Huko unataja maprofesa wawili au watatu ambao ungependa kufanya nao kazi, baada ya kusoma kweli makala zao, na unaonyesha swali lako linagusana wapi na la kwao. Programu nyingi huko zimeacha kudai GRE, mtihani wa jumla wa kupima waombaji, na zile za sayansi kwa kawaida humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na posho. Ada ya kutuma ombi isikufukuze pia: vyuo vingi vina msamaha, ila lazima uuombe mapema, wakati mwingine kwa barua pepe ya mistari minne tu kwa ofisi ya udahili. Chevening yenyewe haitozi ada ya maombi, na mtu yeyote anayekuomba pesa kwa jina lake anakuibia.

Ukifika hatua ya usaili, utaulizwa kuhusu yale uliyoandika. Wanakuuliza kamati ya maji ilikuwa na watu wangapi, nani alipinga, ulimjibu nini. Aliyeishi jambo hilo hujibu bila kutafuta, hata kama Kiingereza chake kinakwama hapa na pale. Aliyeazima hukwama kwenye swali la pili, na nimeona sura za watu wakati huo. Sitaki imtokee mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo, kabla hujatuma, usimpe rasimu mtu anayejua Kiingereza peke yake. Mpe kwanza mtu aliyekuwepo: mfanyakazi mwenzako, katibu wa ile kamati, rafiki mliyefanya naye mradi. Mwombe aweke alama kila mahali ambapo mambo hayakwenda hivyo, na kila mahali ambapo umesahau jambo ambalo yeye analikumbuka vizuri kuliko wewe. Sarufi itafuata baadaye, na wa kuisahihisha hakosekani.