Kioo cha kale hakitiririki

Hata kwetu Zanzibar utasikia kwamba kioo ni kimiminika, eti vioo vya makanisa makongwe ya Ulaya ni vinene chini kwa kuwa vimetiririka polepole karne nyingi. Si kweli. Katika joto la kawaida kioo ni kigumu. Mpaka kilainike kinahitaji mamia ya nyuzi za Selsiasi.

Unene ule ulitoka karakana. Mafundi walipuliza kioo cha moto, wakakizungusha kikatandazika kama chapati, wakakikata vipande. Unene haukuwa sawa, na vipo vipande vilivyo vinene juu. Mtiririko gani huo wa kupanda? Dirisha la rangi likionekana limebonyea, aghalabu ni madini ya risasi yanayoshika vipande ndiyo yamelegea.

Nami hufurahi kwamba ukweli ndio huo. Buluu ya vioo vya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, ni madini ya kobalti yaliyoyeyushwa ndani ya kioo chenyewe, haipauki juani. Nuru iliyomtuliza mwumini wa karne ya 13 ingali inamfikia anayesali leo. Kwetu, anayependa rangi za namna hiyo na aende Mizingani, kwenye dispensari ya zamani ya Tharia Topan, atazame juu, penye roshani.