Deizimu: kumjua Mungu bila wahyi

Deizimu ni imani kwamba Mungu yupo, ndiye aliyeuumba ulimwengu, na kwamba binadamu humjua kwa akili yake na kwa kuyatazama maumbile, bila wahyi, yaani ujumbe wa Mungu ulioteremshwa kwa kitabu au kwa nabii. Mdeisti si mkanamungu. Ubishi wake hauhusu kuwapo kwa Mungu, unahusu njia ya kumjua.

Mwingereza Edward Herbert aliipa fikra hii umbo katika De Veritate, kitabu kilichotoka Paris mwaka 1624. Alitaja mambo matano ambayo, kwa maoni yake, watu wote huyafikia hata wasipohubiriwa: yuko Mungu mkuu, anastahili kuabudiwa, kiini cha ibada ni wema na uchaji, dhambi hufutwa kwa toba, na kuna thawabu na adhabu, duniani na baada ya kufa. Hapo ndipo wengi hukosea. Wakisikia deizimu hudhani ni Mungu aliyeuumba ulimwengu kama fundi aundaye saa, akaitia ufunguo akaenda zake. Wapo walioamini hivyo, lakini Herbert hakuwamo. Ajabu ni kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe, kabla ya kukichapisha kitabu alipiga magoti akaomba ishara kutoka mbinguni, na akaipata!

Hoja kali zaidi dhidi ya wahyi ni ya mdeisti Thomas Paine, aliyeandika mwaka 1794. Hakusema Mungu hawezi kunena na mtu. Alisema akinena na mmoja, huo ni wahyi kwa huyo mmoja tu. Wa pili anayesimuliwa ameshapata habari ya kusikia, na halazimiki kuisadiki. Wa tatu na wa nne ndio kabisa.

Nguzo ya Herbert nayo ilitikiswa. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alijibu kwamba hakuna fikra inayokubaliwa na watu wote, seuze tano. Mwanafalsafa Mskoti David Hume akaigusa hoja ya maumbile yenyewe, katika kitabu cha mazungumzo kilichochapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake: tukitazama nyumba twajua ina mjenzi kwa sababu tumeona nyumba nyingi zikijengwa, lakini ulimwengu tunao mmoja tu, na hatukuwapo ulipoanza. Hata tukikubali kwamba una mjenzi, mpangilio wake hautuambii kama alikuwa mmoja au kundi zima, wala kama bado yu hai.