Kusamehe, kupatana na ufunguo wa sanduku

Kwenye kikoba chetu cha kanisani, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, mweka hazina alikuwa anapokea marejesho ya watu kwa simu halafu hayafiki kwenye sanduku. Ikagundulika, akalia, akaomba msamaha mbele ya wote, tukamsamehe na tukaanza kupanga namna atakavyorudisha kidogo kidogo. Wiki mbili hazijaisha mzee mmoja wa kanisa anasimama anasema "si mmeshamsamehe? Basi mrudishieni nafasi yake, la sivyo hamjasamehe." Hapo ndo nikaona hili neno tunalitumia vibaya kupita kiasi.

Kusamehe ni kumwachia mtu deni. Mtu amekukosea, anadaiwa, una haki ya kumdai na hata kumlipizia, wewe unaamua humdai tena. Maana yenyewe ni hiyo tu, na deni ninalosema ni la kosa lenyewe, hela ya kikoba ni ya watu na inarudishwa.

Neno lenyewe tumelitoa kwa Waarabu, kwao samaha ina ukarimu ndani yake, kuruhusu, kutomkazia mtu. Hata "samahani" ni "nisamehe", ile -ni ya mwisho ni "mimi" ya Kiarabu, kwa hiyo ukisema "naomba samahani" umeomba mara mbili ila hilo tuliache leo. Sasa kwenye Agano Jipya la Kigiriki neno linalotumika sana ni afiemi na hili ni la kawaida kabisa, la mtaani, ni kuacha. Kwenye Mathayo 4:20 Petro na Andrea wanaacha nyavu zao wakamfuata Yesu, ni afiemi. Mathayo 8:15 mkwewe Petro homa ikamwacha, afiemi hiyo hiyo. Halafu sura ya 6, "utusamehe deni zetu", ni neno lile lile la nyavu na homa. Umeshikilia kitu, unakiachia. Na ona lilivyowekwa, ni deni, ndo maana hata serikali ikitoa msamaha wa kodi tunaelewa bila kufafanuliwa. Na deni likisamehewa halipotei hewani, aliyekuwa anadai ndo anabeba hasara, kwa hiyo wanaosema kusamehe ni rahisi sijui huwa wamesamehe nini.

Sasa kinachoniudhi. Kiswahili chenyewe kimeshatutenganishia haya mambo halafu sisi tunayachanganya. Angalia kupatana, angalia kuaminiana, yote yana -ana mkiani, yaani lazima muwe wawili. Mmoja hawezi kupatana peke yake akiwa jikoni kwake. Kusamehe haina huo mkia, naweza kumsamehe mtu ambaye hajaomba, amehama mji, au alishakufa. Najua Waefeso 4:32 inasema tusameheane, sawa, hapo kila mtu anamwachia mwenzake lake. Ila kupatana kunataka yule mwingine naye aje na ukweli wake, na kuaminiana kunataka muda juu yake.

Watu watakuletea Mathayo 5:23, uache sadaka madhabahuni ukapatane na ndugu yako. Isome vizuri jamani! Anayeambiwa aache sadaka ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, yaani mkosaji ndo anatakiwa afunge safari. Mara ngapi umeona aliyeumizwa ndo anaburutwa na hiyo aya?

Na Yusufu je. Ndugu zake walimuuza, wanakuja Misri kutafuta chakula, anawajazia magunia nafaka na hela yao anawarudishia humo humo, lakini Simeoni anamzuia, halafu baadaye anaficha kikombe kwenye gunia la Benyamini aone kama watamtelekeza mdogo wao kama walivyomfanya yeye. Yuda aliposema nibaki mimi mtumwa badala ya kijana, hapo ndo Yusufu akalia na kujitambulisha, na hakujifanya amesahau, aliwaambia kabisa mimi ndiye mliyeniuza. Kwa hiyo ile "samehe na usahau" sijui tuliitoa wapi, maana hata Yohana 2:24 inasema Yesu hakujiaminisha kwa watu kwa sababu aliwajua, na huyo ndiye aliyewaombea waliomsulubisha.

Basi sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu, na daftari la mweka hazina kwa sasa liko kwa mama mwingine. Yule dada aliyekuwa mweka hazina tunakaa naye benchi moja, anachangia, marejesho yake yanaingia kila Jumamosi, na hakuna anayemsema. Jumapili nilimfuata yule mzee nje baada ya ibada nikamwambia taratibu, baba, kusamehe tulishamaliza siku ile ile, unachokitafuta wewe kinaitwa kuaminiana na hicho tumekianza, bado hakijafika. Akaniangalia, akasema haya, mfanye haraka basi.