Haki ya bahari huanzia kwenye daftari la wavuvi

Ukipewa mpango wa usimamizi wa eneo la bahari uukague kama unamtendea kila mtu haki, ruka sura ya malengo. Huko maneno huwa mazuri siku zote. Nenda moja kwa moja kwenye masharti ya kuandikishwa. Mara nyingi anayeandikwa ni mwenye chombo na leseni. Anayeokota chaza maji yakipwa, anayechokoa pweza miambani, anayekausha samaki, baharia asiye na chombo chake, wote wamebaki nje. Hawapigi kura, hawafidiwi eneo likifungwa, na walichovua hakihesabiwi. Na si wachache: ripoti ya 2023 ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilionyesha kwamba uvuvi mdogo huleta angalau asilimia 40 ya samaki wanaovuliwa duniani, na kati ya kila watu kumi wanaojishughulisha nao, wanne ni wanawake.

Kwa hiyo andikisha kazi, si chombo. Muulize kila mtu anavua au kuokota nini, wapi, msimu gani, kwa zana gani, na nani hununua. Andika mtu mmoja mmoja, kwa sababu daftari la wakuu wa kaya huwameza wanawake. Wahesabu watu kwenye diko, pale samaki wanaposhushwa, na kwenye miamba pia, tena katika kila msimu wa upepo, maana wavuvi wa kuhamahama hawaonekani ukienda mara moja tu. Daftari lihuishwe kila mwaka. Lisipohuishwa, fidia huenda kwa majina ya watu waliokwisha kuhama, na mwenye vyombo vitano hujikuta na sauti tano.

Mikutano nayo ina hila zake, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia hila. Maji ya bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na ndizo siku ambazo miamba hukauka mbali na waokotaji huwa kazini. Ukiitisha mkutano siku hizo saa za maji kupwa, utapata wenye boti na viongozi, kisha utaandika kwamba jamii imeshirikishwa. Weka mkutano wakati wa maji mafu, bahari isipopwa sana. Toa rasimu wiki kadhaa kabla, kwa lugha wanayoisemea baharini, na kikao cha kwanza kisiwe cha uamuzi. Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba watu walikuja, basi. Ukitaka kujua kama walisikilizwa, linganisha rasimu ya kwanza na ya mwisho uone ni kifungu gani kilibadilika kwa sababu yao.

Ramani ni kazi nyeti zaidi. Wenye vyombo, mabaharia na waokotaji wachore kila kundi peke yake, kisha ramani ziwekwe moja juu ya nyingine. Wakichora pamoja, mkono wa mwenye boti ndio unaoshika kalamu. Usidai kujua mwamba wenyewe, kwani mvuvi hatoi siri ya mwamba wake, na ramani ikivuja wageni wataumaliza kwa msimu mmoja. Gawa eneo kwa miraba ya kilomita moja, kila mtu atie alama mraba anaoutumia. Hiyo inatosha kuonyesha nani ataumia eneo likifungwa.

Uonevu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hutokea kwenye mgawo wa mavuno, na hutokea kwa hesabu safi kabisa. Tuchukue mfano. Kikomo ni tani 10,000 kwa mwaka. Meli za kukokota nyavu huvua 6,000 na zote zimeandikwa. Mitumbwi huvua tani 4,000 lakini tani zilizoandikwa ni 500. Ukigawa kwa kumbukumbu, meli zinapata takriban tani 9,230 na mitumbwi 770. Hakuna aliyeiba, lakini waliokuwa na asilimia 40 wamebaki na chini ya 8. New Zealand iliwaondoa wavuvi wa muda kwenye orodha mwaka 1983, wakiwemo wengi wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kisha 1986 ikaanza mgawo unaouzwa kama mali. Madai ya Wamaori yalipelekea suluhu ya 1992, iliyowapa, pamoja na mambo mengine, asilimia 20 ya mgawo wa kila spishi mpya inayoingizwa kwenye mfumo. Ni nafuu zaidi kutenga fungu la uvuvi mdogo kabla ya kugawa, likakadiriwa kwa sampuli za dikoni, na kukataza lisiuzwe nje ya kundi. Bila katazo hilo, mwaka mmoja mbaya unatosha kumfanya mvuvi mwenye deni auze mgawo wake, na haurudi tena.

Nje ya maili 200 za baharini kutoka pwani watu wengine ndio wenye uamuzi, lakini maswali hayabadiliki. Mkataba wa kimataifa wa sheria ya bahari wa 1982 unaitaja sakafu ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote kuwa urithi wa pamoja wa binadamu, na mamlaka inayoisimamia iko Kingston, Jamaika. Nchi tajiri au kampuni inayoomba eneo la madini huko kwa kawaida huonyesha maeneo mawili yenye thamani inayokaribiana, na moja hutengwa kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Wazo zuri. Lakini soma utaratibu wa kuidhinisha mipango ya kazi katika makubaliano ya 1994 ya kutekeleza mkataba huo: tume ya wataalamu ikishapendekeza mpango, Baraza la mamlaka hiyo, lenye wajumbe 36, linahitaji theluthi mbili ya kura kuukataa, na zaidi ya hapo wingi wa kura ndani ya kila kundi la wajumbe. Baraza lisipoamua ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida siku 60, mpango huhesabiwa umepita. Nchi ndogo yenye mjumbe mmoja anayekimbia kutoka kikao hiki hadi kile inaweza kujikuta imeridhia kwa kunyamaza. Kifungu cha aina hiyo kitafute katika kila kanuni unayopewa, hata ya kamati ya kijiji: uamuzi usipofikiwa kwa wakati, anayefaidika ni nani?