Pole, hongera na asante: bosi anazichanganya wapi

Mwisho wa siku ya kazi bosi huwa na maneno matatu ya kuwapa watu wake: pole na kazi, hongera, asante. Hutamkwa kana kwamba ni kitu kimoja, lakini kila moja lina kazi yake. Pole inagusa uchovu wa mtu. Hongera inagusa mafanikio yake, na anayepongeza anabaki pembeni kama mtazamaji. Asante ndiyo pekee inayomwingiza msemaji ndani: umefanya jambo, nami nimefaidika. Nadhani ndiyo maana wakuu wengi hutoa pole kwa wingi na asante kwa kubana. Kushukuru ni kukiri kwamba unamtegemea mtu aliye chini yako.

Utafiti wa Adam Grant na Francesca Gino, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha vizuri nguvu ya asante. Wafanyakazi wa chuo kikuu kimoja Marekani walikuwa wakipiga simu kuwaomba wahitimu michango, na mshahara wao haukutegemea idadi ya simu. Kundi moja lilitembelewa na mkurugenzi, akalishukuru kwa sentensi chache. Wiki iliyofuata simu za kundi hilo ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Za kundi ambalo halikushukuriwa hazikubadilika. Sababu haikuwa kwamba walijiona mahodari zaidi. Walijiona wana thamani kwa mtu mwingine. Ila tusiikuze habari hii: hiyo ni wiki moja, na mkurugenzi huyo hakuwa akipita pale kila Ijumaa na maneno yaleyale.

Maneno yaleyale ndiyo huua asante. "Asanteni wote kwa kazi nzuri" ikirudiwa mara tatu watu hawaisikii tena. Asante inayodumu ina sehemu tatu: kitendo, wakati, na balaa lililoepukwa au nafuu iliyopatikana. Chukua mganga mfawidhi wa kituo cha afya anayezungumza na mtunza stoo: "Mama Neema, nimepita stoo asubuhi. Nimeona zile katoni za dawa ya maji ya watoto ulizipanga upya jana, zinazokaribia kuisha muda ukazileta mbele. Zingebaki nyuma tungezitupa. Asante." Hapo hakuna sifa hata moja. Hakuitwa hodari wala mchapakazi. Ameambiwa kwamba kazi yake imeonekana, tena na mtu anayejua maana yake.

Kusema hivyo kunahitaji uwe umepita stoo. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo faida kubwa ya shukrani kwa kiongozi mwenyewe: usipoweza kutaja kitendo, maana yake hujui kazi ya mtu wako inavyofanyika.

Njia rahisi ni daftari dogo. Kabla ya kutoka kazini, dakika 5 zinatosha: andika jina moja, alichofanya, faida iliyopatikana. Mweleze mhusika kesho yake, uso kwa uso ikiwezekana. Ukingoja wiki mbili kitendo kimeshapoa, naye atajiuliza una shida gani leo. Kila Ijumaa pitia daftari utafute majina yasiyomo. Mara nyingi utawakuta mlinzi, mfanya usafi, mtunza masjala na fundi wa kompyuta, watu ambao kazi yao huonekana siku inapoharibika tu. Usiwatungie asante ya kujaza nafasi. Nenda ukakae nao nusu saa, uwatazame wakifanya kazi, uulize kinachowasumbua.

Asante huharibikia sehemu chache zinazojulikana. Ya kwanza ni "ila". "Asante kwa ripoti, ila jedwali la tatu..." Mtu atakumbuka jedwali tu. Marekebisho yape wakati wake. Ya pili ni kuomba jingine papo hapo. Ukishukuru kisha ukatoa faili jipya, umegeuza asante kuwa chambo, na safari ijayo wakikuona unakuja unatabasamu watainama chini ya meza.

Ya tatu ni orodha ya majina kwenye kundi la WhatsApp. Ukitaja sita ukasahau wa saba, huyo wa saba umemuumiza kuliko kama ungenyamaza. Ama hakiki majina na mkuu wa zamu kwanza, ama mshukuru kila mmoja kivyake. Wapo pia wasiopenda kutajwa hadharani, maana mwenzao atasema wanajipendekeza. Hao waite kando.

Hatari ambayo wengi hawaioni ni kushukuru kitu kibaya. Ukimshukuru mbele ya wenzake aliyebaki ofisini hadi saa tatu usiku, umetangaza kipimo kipya, na wenye watoto wadogo wamekisikia. Afadhali umshukuru aliyepanga kazi ikaisha saa kumi jioni. Na kama malipo ya saa za ziada yamechelewa, anza na hayo. Waambie fedha zimekwama wapi na umefuatilia kwa nani. Asante iliyowekwa mahali pa posho watu huijua mara moja, na watakukumbusha kwamba shukrani ya punda ni mateke.

Ukisifiwa na bodi au mkaguzi, mtaje palepale aliyeifanya kazi, kwa jina, kisha urudi umweleze kwamba ulimtaja na walisema nini. Wengi husahau hiyo safari ya kurudi.

Akikujibu "ni wajibu wangu tu", usibishane naye wala kurudia kwa sauti kubwa zaidi. Itikia, ondoka, mwache aendelee kuhesabu katoni zake.