Tenda ya Kambi ya Jeshi: Piga Hesabu Kabla ya Kununua Mzigo

Wafanyabiashara wa Nanyuki, Gilgil na Isiolo nchini Kenya wanaijua kambi ya jeshi kama mteja: hununua kwa wingi na hula mwaka mzima. Ndiyo maana Wizara ya Ulinzi inapotangaza tenda za nyama, mboga au kuni, waombaji hujaa. Sisi tunaoshughulikia ununuzi wa umma hukutana na baadhi yao baadaye, mkataba wanao lakini mtaji umekwisha.

Si kila kinachonunuliwa na jeshi ni siri. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inavitaka vyombo vya usalama viwe na orodha mbili, ya wazi na ya siri. Sheria hiyo pia inatenga angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na hao hawadaiwi dhamana ya benki wanapoomba. Hutia saini fomu ya tamko tu. Kwa hiyo mlango upo.

Kinachowaumiza wengi ni bei. Kifungu cha 139 cha sheria hiyo kinakataza kupandisha bei ya mkataba kabla ya miezi 12 kupita tangu kutiwa saini. Tuseme umeshinda tenda ya maharagwe, tani 2 kwa mwezi, kwa shilingi 120 kwa kilo, nawe unanunua kwa 100. Mvua ikikosa na bei ya sokoni ikafika 140, unapoteza shilingi 40,000 kila mwezi na bado unatakiwa kupeleka. Malipo nayo yakichelewa miezi mitatu, hata kwa ile bei ya zamani utakuwa umefungia shilingi 600,000 ndani ya magunia ambayo yameshaliwa. Je, unazo?

Na hasara haimwishii aliyeshinda tenda. Mkulima aliyetoa kabeji kwa mkopo anangoja, mwenye lori anangoja. Huko sokoni, mnunuzi mmoja mkubwa akikomba maharagwe yote, mama anayepima kwa gorogoro huyapata kwa bei ya juu, na wateja wake ni wale wale. Kanuni za 2020 za sheria hiyo ya ununuzi zinaruhusu tenda kubwa kugawanywa ili wenye mitaji midogo waimudu. Maafisa wa ununuzi waitumie nafasi hiyo kwa dhati, kwani tenda nzima ikienda kwa tajiri mmoja kutoka mbali, mji huambulia vumbi la malori.

Ukiambiwa kwa simu kwamba umeshinda, usinunue hata gunia. Kifungu cha 135 kinasema hakuna mkataba mpaka uandikwe na utiwe saini na pande zote mbili, na saini hiyo haiwekwi kabla ya siku 14 tangu barua ya matokeo. Ndani ya siku hizo hizo 14, mwombaji asiyeridhika anaweza kupeleka malalamiko kwenye Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma.

Ukifika stoo ya kambi, usigeuze gari kabla hati ya kupokelea mzigo haijaandikwa kilo zilizopokelewa na zilizokataliwa, tarehe, na saini ya aliyepokea. Kifungu cha 140 kinakupa haki ya riba kwa deni lililochelewa, isipokuwa mkataba useme vinginevyo, basi kipengele hicho kitafute kabla ya kutia saini. Riba iombe kwa barua, na nakala ya hati ile uiambatanishe.