Kuacha Sigara Ukiwa na Ugonjwa wa Thairoidi au Adrenali: Maswali na Majibu

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo. Adrenali ni mbili, ndogo, zimekaa juu ya figo. Zote huguswa na moshi wa tumbaku, na zote hubadilika kidogo mtu anapoacha kuvuta. Mabadiliko hayo ndiyo huwatia watu hofu wakarudia sigara, wakidhani kuacha kumewadhuru.

Natumia dawa za thairoidi. Niache sigara sasa au nisubiri homoni zitulie?

Acha sasa, ila pima kwanza. Kabla ya siku uliyopanga, pata kipimo cha damu cha TSH (homoni ya ubongo inayoiamuru thairoidi ifanye kazi) na T4 (homoni ya thairoidi yenyewe), pima uzito, presha na mapigo ya moyo. Mwenye tatizo la adrenali apimwe pia sodiamu na potasiamu. Rudia TSH wiki 6 hadi 8 baada ya kuacha, kisha kila miezi michache katika mwaka wa kwanza. Bila vipimo vya mwanzo hamtakuwa na cha kulinganisha, wewe na daktari wako mtabaki kubahatisha.

Kama dozi yako imebadilishwa wiki hii, au daktari anakupunguzia prednisoloni (stiroidi, yaani dawa inayofanya kazi kama homoni ya adrenali), unaweza kusogeza tarehe wiki mbili tatu ili dalili zisichanganyikane. Miezi, hapana. Na mwenye macho yaliyoathiriwa na ugonjwa wa Graves, ambao kinga ya mwili huichochea thairoidi izidishe homoni, asisogeze hata siku moja.

Nimesikia watu wakiacha sigara ndipo thairoidi inalegea, yaani inatoa homoni kidogo. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake, na ni vizuri uujue mapema. Kwa wastani wavutaji huwa na TSH ya chini kidogo na kingamwili chache zinazoishambulia thairoidi. Wakiacha, hali hiyo huondoka. Hivyo katika miaka 2 ya kwanza, mtu mwenye asili ya ugonjwa wa Hashimoto, ambao kinga ya mwili huishambulia thairoidi na kuilegeza, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kugundulika thairoidi yake imelegea. Baada ya hapo hatari hiyo hushuka.

Hiyo si sababu ya kuendelea kuvuta. Thairoidi iliyolegea hugunduliwa kwa kipimo cha damu na kutibiwa kwa kidonge kimoja kwa siku. Saratani ya mapafu na kiharusi havina kidonge cha namna hiyo. Kama tayari unatumia kidonge hicho, levothairoksini, huenda daktari akakuongezea mikrogramu 12.5 au 25. Usijiongezee mwenyewe kwa kuwa umechoka: dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huchukua takriban siku 7 kuondoka, na dozi iliyozidi huuchosha moyo na kudhoofisha mifupa.

Moshi unaifanya nini hasa tezi ya shingo?

Moshi wa tumbaku una sayanidi. Ini huigeuza kuwa thaiosayaneti, na hii huzuia madini joto kuingia kwenye thairoidi. Penye madini joto ya kutosha madhara ni madogo. Pasipo nayo, tezi huvimba ikihangaika kunasa kidogo kilichopo, na hapo ndipo rovu hukua.

Thaiosayaneti hiyohiyo hutokana pia na muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo. Kwa hiyo mtu anayevuta, anayekula ugali wa muhogo ulioandaliwa harakaharaka, na anayepikia chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto, anaibana tezi yake kwa njia tatu kwa pamoja. Nunua chumvi iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ina madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na jiko, na uitie chungu kikikaribia kuiva. Lakini usijitibu kwa matone ya madini joto wala vidonge vya mwani kabla ya kupimwa. Kwa baadhi ya watu madini joto mengi huichochea tezi ikazidisha homoni, kwa wengine huilegeza.

Nina Graves na macho yametokeza. Sigara inahusikaje?

Inahusika kuliko kitu kingine chochote unachoweza kukibadilisha wewe mwenyewe. Wavutaji wana hatari takriban mara mbili ya kupata Graves, na kwa upande wa macho hatari ni kubwa zaidi, tena hupanda kadiri idadi ya sigara inavyopanda. Matibabu ya macho kwa stiroidi huwafaa wavutaji kidogo kuliko wengine. Ukipewa tiba ya madini joto yenye mionzi huku unavuta, macho yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuharibika. Mwambie daktari ukweli kuhusu sigara kabla hamjaamua tiba hiyo, na waombe wa nyumbani wavutie nje.

Rangi zikianza kufifia, ukiona vitu viwiliviwili, jicho likiuma sana au lisipofunga usiku, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nina ugonjwa wa Addison. Sigara ndiyo inayonipa nguvu asubuhi. Nikiacha nitaweza kuamka?

Kwa mtu mzima wa afya, nikotini huuchochea ubongo uziamuru adrenali zitoe kotisoli, homoni inayoupa mwili nguvu. Katika Addison sehemu ya nje ya tezi hizo imekufa, ama kwa kushambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, ama kwa kifua kikuu, ambacho huku kwetu bado ni sababu ya kufikiriwa. Sigara haiwezi kukamua kotisoli isiyokuwepo. Nguvu unayoihisi ni nikotini kuzisisimua neva na kuituliza arosto iliyojijenga usiku kucha.

Kinachokuamsha ni dawa. Haidrokotizoni, inayochukua nafasi ya kotisoli, kwa kawaida ni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, zikigawanywa mara 2 au 3: dozi kubwa mara unapofungua macho, ya mwisho isivuke alasiri. Isipopatikana, madaktari hutumia prednisoloni miligramu 3 hadi 5. Weka ya asubuhi kando ya kitanda pamoja na maji, uimeze kabla hujainuka. Wengi waliozoea kuanza na sigara hugundua kwamba walikuwa wakichelewesha dawa kwa saa nzima.

Kuacha sigara peke yake hakuhitaji kuongeza dozi. Homa inahitaji: kanuni ya kawaida ni kuzidisha haidrokotizoni mara 2 joto likipita nyuzi 38, na mara 3 likipita 39, hadi upone. Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu ajue kwamba dawa hiyo huimaliza haidrokotizoni haraka, na daktari lazima aiongeze.

Sina Addison, ila nimetumia krimu za kung'arisha ngozi kwa miaka. Linanihusu?

Sana. Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni stiroidi kali. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya mara nyingi huwa ni deksamethasoni. Zikitumika kwa miezi, adrenali hulala, zinaacha kutengeneza kotisoli yake.

Hatari huja pale mtu anapoamua kuusafisha mwili, akaacha sigara, krimu na vidonge siku moja. Siku ya tatu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inashuka, na kila mtu anasema ni arosto ya sigara. Sigara iache kwa mkupuo. Stiroidi zipunguzwe taratibu chini ya daktari, na inaweza kuchukua miezi. Mwonyeshe daktari kopo lenyewe la krimu. Hatakucheka, na jina lililoandikwa humo linamsaidia kuliko maelezo.

Nitajuaje kama ninachosikia ni arosto au ni tezi?

Angalia muda kwanza. Arosto ya nikotini huanza ndani ya saa chache, hufika kileleni siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua kwa wiki 2 hadi 4. Huleta hasira, njaa, usingizi wa kukatikakatika, kufunga choo, kikohozi na kushindwa kutulia. Dalili inayozidi baada ya wiki ya 4 si ya sigara tena. Ukisikia baridi wakati wenzako wanajipepea, ngozi ikikauka, hedhi ikawa nzito, mapigo yakawa ya polepole, kapime TSH.

Angalia na moyo. Mtu akiacha kuvuta mapigo hushuka kidogo. Kaa kitini dakika 5, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, hesabu kwa dakika nzima. Ukipata zaidi ya 100 siku kadhaa mfululizo bila homa, shuku thairoidi iliyochachamaa, yaani inayozalisha homoni kupita kiasi, au dozi iliyozidi. Uzito nao husema: arosto huongeza, kwa hiyo ukipungua huku unakula, tafuta sababu nyingine.

Kwa adrenali, kizunguzungu cha kusimama ndicho cha kufuatilia. Lala dakika 5 upime presha, kisha simama upime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambie daktari. Ongeza hapo hamu kubwa ya chumvi na weusi unaozidi kwenye fizi na mistari ya viganja.

Mwenye Addison akitapika na dawa haikai tumboni, hiyo ni dharura. Anahitaji sindano ya haidrokotizoni miligramu 100 kwenye msuli na hospitali mara moja, atundikiwe dripu ya maji ya chumvi. Majibu ya maabara yasisubiriwe.

Plasta na chingamu za nikotini ni salama kwangu?

Kwa wengi ndiyo, na ni salama kuliko sigara. Tahadhari ni kwa watu wawili: mwenye thairoidi inayozalisha homoni kupita kiasi na bado haijadhibitiwa, na mwenye uvimbe wa adrenali unaomwaga adrenalini, feokromositoma. Nikotini huongeza adrenalini na kuukimbiza moyo. Hata hao, sigara huwapa nikotini hiyohiyo pamoja na sumu nyingine, kwa hiyo waanze kwa usimamizi wa daktari.

Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na plasta ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, na 7 kwa wiki 2. Ibandike mahali pakavu pasipo na nywele wala mafuta, bega au kifua, ubadili mahali kila siku. Kwenye joto la pwani hubanduka: kausha jasho, ikandamize kwa kiganja sekunde 10. Ndoto zikikusumbua, itoe usiku. Chingamu ya miligramu 4 ni ya anayewasha sigara ndani ya nusu saa baada ya kuamka, wengine 2. Itafune polepole hadi iwashe kama pilipili, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi. Ukiitafuna mfululizo utameza nikotini, upate kwikwi na kichefuchefu, ambacho kwa mwenye Addison kitawatia hofu wote nyumbani.

Kuna na vidonge vya kusaidia kuacha sigara, vareniklini na bupropioni. Vareniklini haina ugomvi unaojulikana na dawa za tezi hizi, ila figo dhaifu huhitaji dozi ndogo. Bupropioni huongeza uwezekano wa degedege, na stiroidi za kumeza huongeza pia, kwa hiyo mwambie daktari unazotumia.

Kuna dawa au vinywaji vya kubadilisha?

Moshi huliharakisha ini livunje baadhi ya vitu. Ukiacha, ini hurudi kwenye mwendo wake na vitu hivyo hujazana. Kahawa na chai kali: kafeini ya vikombe vilevile inaweza karibu kuwa mara mbili mwilini. Wengi wanaolalamika moyo kwenda mbio na kukosa usingizi wiki ya kwanza wanasumbuliwa na kahawa. Ipunguze kwa nusu tangu siku ya kuacha. Propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, nayo inaweza kuzidi nguvu, kwa hiyo ukipata mapigo chini ya 60 pamoja na kizunguzungu, rudi kliniki. Kinachofanya hivi ni moshi wenyewe, wala si nikotini, hivyo hata ukibandika plasta mabadiliko yatatokea.

Levothairoksini endelea kuimeza kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Vidonge vya damu, kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali nayo saa 4.

Kuna virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya "uchovu wa adrenali". Vitanisaidia?

Wataalamu wa homoni hawautambui ugonjwa huo. Uchovu ni wa kweli, ila jina hilo huuzia watu vidonge ambavyo vingine vina homoni za tezi zenyewe, na hizo huvuruga vipimo na kuzilaza adrenali zilizokuwa nzima.

Nikihamia shisha au ugoro?

Bado ni tumbaku. Ugoro na kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) huleta nikotini nyingi, shisha huongeza moshi wa mkaa juu yake. Mirungi nayo huukimbiza moyo, na kijiweni ndiko sigara nyingi huwashwa. Mwenye thairoidi iliyochachamaa aiache pamoja.

Nimevuta sigara mbili harusini. Nitoe plasta nianze upya?

Usiitoe. Endelea na dozi ileile, na vareniklini kama unaitumia. Beba chingamu ya nikotini kwenye shughuli ijayo, uitafune kabla ya kufika walipokaa wavutaji, na tarehe yako ya kurudia TSH ibaki palepale.